Barua yangu ya fildi imelala masjala, Mjomba nifanyeje?

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni binti wa mwaka wa pili, nasomea mipango miji na mikoa katika chuo kimoja hapa Dar es Salaam. Mitihani ikiisha mwezi wa saba tunatakiwa kwenda fildi wiki nane, na jina la mahali unapokwenda linatakiwa limfikie mratibu kabla Juni haijaisha. Sasa tuko katikati ya Mei. Wenzangu wengi wameshapata, wanapanga na mabegi. Mimi sina kitu.

Usidhani nilikaa tu, Mjomba. Februari nilichukua barua ya utambulisho chuoni, nikatoa nakala, nikapeleka kwa mkono katika manispaa mbili za hapa. Nyingine mbili nilimpa binamu yangu anayesafiri na malori: moja aipeleke kwenye jiji moja la bara, nyingine halmashauri ya wilaya ya nyumbani kwetu, Nyanda za Juu Kusini. Manispaa ya kwanza waligonga mhuri kwenye nakala yangu wakasema watanipigia, na hadi leo simu haijalia. Manispaa ya pili, niliporudi mara ya tatu, dada wa mapokezi akaniambia nafasi zimejaa. Sijui zilijaa lini, maana siku napeleka aliniambia mimi ni wa kwanza mwaka huu. Huko jijini binamu alimwachia mlinzi barua. Nyumbani kimya.

Kuna jambo jingine ambalo sijamwambia mtu. Siku moja natoka ile manispaa ya kwanza, kaka mmoja mwenye kitambulisho shingoni alinifuata hadi kituo cha daladala. Akasema jalada langu analiona kila siku, liko chini kabisa ya lundo, ila kwa elfu hamsini ya soda litapanda juu. Nikasema sina. Akaomba namba ya simu "ili anijulishe", nami nikampa kwa ujinga. Tangu hapo ananitumia meseji usiku. Mara "umekula?", mara "tutafute sehemu tulivu tuongee hayo mambo yako ya fildi". Sijamjibu wala sijamzuia. Naogopa, kama kweli jalada liko mikononi mwake nitakuwa nimejiharibia mwenyewe.

Baba mdogo anafahamiana na diwani kule nyumbani, anasema nikubali tu, litaisha kwa simu moja. Roho inasita. Halafu kuna kampuni ya mipango miji inayofanya kazi za urasimishaji wa makazi, wao walinikubali ndani ya siku mbili. Rafiki yangu alikuwa pale mwaka jana, anasema utachora ramani hadi macho yaume, lakini utatoka unajua kazi. Mwingine alikuwa halmashauri, anasema kazi yake wiki nane ilikuwa fotokopi na kuwafuatia wakubwa chapati. Mimi moyo wangu uko halmashauri kwa sababu ndiko nataka kuajiriwa, ila chapati sikuzisomea.

Mwenzangu wa chumbani anasomea uhandisi ujenzi, yeye anapenda barabara. Ameandika kwa wakurugenzi watatu, hajajibiwa hata na mmoja. Naye anaomba umkumbuke.

Mpwa wako,
Asiyelala, Dar es Salaam


MJOMBA ANAJIBU

Marahaba, mpwa wangu.

Nianze na huyo kaka wa kituo cha daladala, kwa sababu ndiye anayekunyima usingizi kuliko hiyo barua. Hana jalada lako. Mwanafunzi anayeomba fildi hafunguliwi jalada lake peke yake. Barua yake huingizwa kwenye jalada moja la maombi ya mafunzo kwa vitendo, pamoja na za wenzake wote wa mwaka huo, na jalada hilo hutembea kutoka meza hadi meza kwa maandishi ya wakubwa. Hakuna lundo la kupanda juu wala kushuka chini. Anachokuuzia ni hofu yako mwenyewe.

Na fedha ya halali serikalini haipiti mfukoni mwa mtu. Zipo taasisi za umma zinazotoza ada ya mafunzo, sikatai, lakini hata hizo zitakupa kontroo namba ulipe benki au kwa simu, na risiti unaipata. Asiye na kontroo namba anaomba rushwa, hata akiiita soda. Zile meseji za usiku ni jambo zito zaidi. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inamhusu mtu anayetumia mamlaka yake kudai ngono ili atoe ajira, upendeleo au haki ya mtu. Usizifute. Zipige picha za skrini zenye tarehe na namba, mtumie mtu mmoja unayemwamini, kisha umzuie leo hii. Baada ya hapo nenda dawati la jinsia chuoni kwenu, au piga 113, namba ya TAKUKURU, haina malipo. Ukiona aibu kwenda peke yako, nenda na huyo mwenzako wa chumbani. Kumpa namba halikuwa kosa lako. Ulidhani unazungumza na ofisi.

Sasa barua. Mimi nimekaa bomani zaidi ya miaka ishirini upande wa mipango miji, na barua za aina yako nimezisoma mamia. Yako nadhani haijakataliwa. Haijafika kwa mtu wa kuikubali.

Ukiikabidhi masjala, inagongwa mhuri na kuandikishwa. Inapanda kwa Mkurugenzi, kwa kuwa barua zote za halmashauri huandikiwa yeye. Mkurugenzi hana muda wa kusoma sifa zako, anaandika neno moja pembeni na kuishusha kwa ofisa utumishi. Ofisa utumishi naye hajui kama mipango miji kuna kiti, kwa hiyo anaandika dokezo kwenda kwa mkuu wa divisheni ya miundombinu na maendeleo ya vijijini na mijini, ile ambayo sisi wazee tulikuwa tukiizoea kama idara mbili tofauti, ya ujenzi na ya ardhi. Mkuu wa divisheni anamuuliza ofisa mipango miji: huyu tumchukue? Jibu la huyo wa mwisho, ambaye hujawahi kumwona, ndilo linalorudi kwa njia ileile hadi kwenye barua ya kukukubali. Hesabu meza hizo, kisha jiulize ni wapi penye uwezekano wa barua kulala. Kila mahali. Mimi mwenyewe, enzi za ujana, barua yangu ya fildi niliikuta ndani ya jalada la maombi ya kazi za ulinzi. Karani alisoma neno "naomba" akaona inatosha.

Ndiyo maana swali lako la mapokezi, "nimejibiwa?", halikusaidii. Anayeulizwa anatazama juu ya meza yake, haoni kitu, anasema bado. Nenda masjala ya wazi na ile nakala yenye mhuri. Waambie tarehe uliyopeleka, omba wakutazamie kwenye daftari barua imepewa namba gani ya kumbukumbu na imeandikiwa kwenda kwa nani. Ukijibiwa "iko utumishi tangu Machi", umepata jambo la kushika: unakwenda utumishi ukitaja namba, si ukieleza maisha yako. Na ukifuata hivyo mpaka kwa ofisa mipango miji mwenyewe, usimwombe nafasi. Mwambie barua yako iko utumishi kwa namba fulani, na kwamba unapenda kujua ana kazi gani mwezi wa saba ambayo mikono ya ziada ingemfaa.

Maana hizo nafasi zilizojaa, mpwa wangu, mara nyingi hata hazina hesabu. Kwetu hakukuwa na karatasi iliyosema wanafunzi kumi, wa kumi na moja arudi. Kulikuwa na viti, na kulikuwa na mimi nikijiuliza nitampa huyu mtoto kazi gani, nani atamwelekeza, na nani atamfunga mdomo akiona majirani wawili wanagombania mpaka mbele ya kaunta. Ukikosa jibu la hayo, rahisi zaidi ni kuandika "nafasi hakuna". Niliandika hivyo mara nyingi, na sijivunii.

Mwaka mmoja niliwekewa mezani barua arobaini hivi. Zote zilikuwa na aya moja, sijui nani aliitunga: mimi ni mwanafunzi, naomba nafasi ya mafunzo kwa vitendo katika ofisi yako tukufu ili nipate uzoefu. Moja tu ilikuwa tofauti. Kijana aliandika kwamba amesikia halmashauri yetu ina viwanja vilivyopimwa zamani ambavyo ramani zake ziko kwenye karatasi tu, na kwamba yeye ana kompyuta yake na anajua kuziingiza kwenye programu ya ramani. Sikumsubiri afisa utumishi aniulize. Nilimfuata mimi.

Kwa hiyo andika upya, na iwe ukurasa mmoja. Juu anuani ya Mkurugenzi, chini yake "Kupitia" na cheo cha mkuu wa idara yako chuoni, kisha "Yah", na hapo hapo kwenye kichwa cha habari weka fani na tarehe, kwa mfano "Maombi ya mafunzo kwa vitendo, mipango miji, 20 Julai hadi 11 Septemba". Ofisa akisoma mstari huo tu ameshajua ni wa nani. Ndani usimweleze kwamba una bidii, kila mtu ana bidii. Andika kitu kama hiki: "Nimemaliza masomo ya uchoraji wa michoro ya mipango miji na mifumo ya taarifa za kijiografia. Natumia programu za kuchorea michoro na ramani, AutoCAD na QGIS, na nina kompyuta yangu. Ningependa kusaidia ukaguzi wa maombi ya vibali vya ujenzi, uandaaji wa michoro, au mipango ya matumizi ya ardhi ya vijiji. Malazi na nauli nitajigharamia." Usiipuuze ile sentensi ya mwisho. Ofisi nyingi zinaogopa mwanafunzi atadai posho. Ambatanisha barua ya chuo na nakala ya kitambulisho. Ukituma kwa barua pepe, hakikisha anuani inaishia na go.tz, na bado peleka na ya karatasi. Barua ya kumwachia mlinzi haihesabiki, mwambie binamu yako hivyo kwa upole.

Na usijilaumu sana kwa kimya cha Februari. Ulikuwa mapema, lakini uliangukia kwenye bajeti. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai, na kuanzia Januari mpaka Machi halmashauri nzima inapika bajeti ya mwaka ujao: vikao vya idara, baraza la madiwani, safari za mkoani. Barua ya mwanafunzi wakati huo ni kama kumpigia mtu hodi akiwa anaoga. Mei hii una nafasi nzuri ya wiki mbili tatu hivi. Ikifika katikati ya Juni kila mtu anakimbizana na kufunga mwaka, fedha isiyotumika isirudi, na hapo hata mimi nisingekufungulia mlango.

Unakwenda wapi basi? Mimi ningekupeleka nyumbani. Si kwa sababu ya diwani. Manispaa za Dar na majiji kama Dodoma, Arusha na Mwanza ndiko kila chuo kinakomimina wanafunzi, na ukipata utakuwa wa kumi na mbili kwenye chumba chenye viti sita. Chapati zile rafiki yako hakuzibuni. Kwenye halmashauri ya wilaya unaweza kukuta ofisa mipango miji mmoja au wawili, wilaya nzima iko mabegani mwao, na mwenye QGIS kichwani wanamwona kama mgeni aliyekuja na kuku mkononi.

Halafu kuna kazi ambayo Dar huwezi kuiona kabisa: mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji. Chuoni mmeusoma kama hatua sita kwenye mwongozo wa Tume ya Taifa ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi. Kule utaona timu ya wilaya ikikaa chini ya mwembe na wakulima na wafugaji, mmoja anasema hili ni bonde la mpunga, mwingine anasema hapa ng'ombe walipita kabla babu yako hajazaliwa, na mchoro wako mzuri unasubiri mpaka mkutano mkuu wa kijiji ukubali. Julai hadi Septemba ni kiangazi, gari linafika vijijini. Nakuonya jambo moja tu: huo ndio mwanzo wa mwaka wa fedha, na utasikia "fungu halijashuka" hadi uchoke. Kwa hiyo ukizungumza na ofisa muulize kama kuna mradi unaoendelea ambao fedha yake ipo tayari. Miji 45 iko kwenye TACTIC, mradi wa serikali wa kuboresha miundombinu ya miji, kwa mfano. Kama mji wa karibu na kwenu ni mmoja wao, unaweza kuona barabara, masoko na mitaro vikipangwa na kujengwa pamoja, jambo ambalo ni adimu.

Gharama nazo zipige hesabu kabla. Kama mkopo wako unagusa mafunzo kwa vitendo, bumu la fildi usilitegemee kwa wiki mbili za kwanza, weka akiba ya kula. Nyumbani angalau unalala kwa mama.

Diwani. Hapa nitatofautiana na roho yako kidogo. Kumpigia Mkurugenzi simu ili uchukuliwe wewe aachwe mwingine, hapana. Ukiingia hivyo, watumishi watakujua kwa jina la "mtoto wa diwani" kabla hawajakujua kwa kazi, na hakuna atakayekutuma kitu kigumu, wala atakayekusahihisha. Lakini diwani anajua kata gani zina mgogoro wa mipaka, wapi wananchi wanaomba kupimiwa, na zahanati gani imesimama kwenye lenta. Mwambie baba mdogo akukutanishe naye kwa hayo. Dakika ishirini za maongezi hayo zitaitengeneza barua yako kuliko simu yake.

Kampuni iliyokukubali usiidharau. Kwa uchoraji tu, kwa kasi ya mkono na usafi wa michoro, kampuni itakufundisha zaidi kuliko halmashauri yoyote, nakuambia mimi niliyekuwa halmashauri. Kama ungekuwa unaniuliza wapi utajifunza programu, ningesema kachore. Lakini umesema unataka kuajiriwa serikalini, na mipango miji ya serikalini, zaidi ya nusu ya kazi yenyewe ni watu. Mjane anayekuja na karatasi ya mauziano iliyoandikwa kwa kalamu ya risasi. Mfanyabiashara aliyejenga ghorofa kwanza akaja kuomba kibali baadaye, anacheka. Hayo hayapo kwenye kompyuta ya kampuni. Kwa hiyo mwendee meneja wao umwambie ukweli: unasubiri jibu la halmashauri, na utamthibitishia kabla ya 10 Juni. Ikifika tarehe hiyo huna barua ya kukubaliwa yenye sahihi, nenda kampuni kwa moyo mweupe. Usimshike hadi siku ya mwisho, kuna mwanafunzi mwingine anaitaka nafasi hiyo.

Kuhusu chapati. Fotokopi utatoa, na mara moja moja utatumwa dukani, usinune. Ila ofisi inampa kazi ya kutumwa mtu ambaye hana kazi nyingine. Wiki ya kwanza, omba kazi yenye mwanzo na mwisho. Nilikuwa na binti mmoja wa fildi aliyeniomba majalada ya vibali vya ujenzi vilivyorudishwa, ayasome tu. Nilimpa nikijua atachoka kesho yake. Hakuchoka. Alikaa siku nne na daftari, akapanga sababu: mchoro hauna sahihi ya mtaalamu aliyesajiliwa, jengo limesogea mno kwenye mpaka wa kiwanja, shimo la maji taka limewekwa ukutani kwa jirani, kiwanja cha makazi kinaombewa gereji. Kumbe sababu mbili tatu ndizo zilizokuwa zinarudisha watu wengi. Akaandika karatasi moja kwa Kiswahili cha mtaani, "kabla hujaleta michoro tazama haya", tukaibandika kaunta. Alipoondoka aliiacha pale, na aliyekuja baada yangu aliikuta. Ripoti yake ya chuo, bila shaka, ilijiandika yenyewe.

Logibuku, lile daftari la kazi zako za kila siku, isainiwe kila Ijumaa, usisubiri wiki ya nane ndipo umtafute msimamizi. Atakuwa semina Morogoro. Na ukipelekwa uwandani vaa viatu vilivyofunika vidole. Bikoni nyingi, zile alama za mipaka ya viwanja, utazitafuta ndani ya vichaka.

Sasa mwenzako wa chumbani. Mwambie hajajibiwa kwa sababu amebisha mlango ambao barabara zimeshahama. Tangu 2017 barabara za wilaya, mijini na vijijini, ziko chini ya TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, si chini ya Mkurugenzi wa halmashauri. Amwandikie Meneja wa TARURA wa wilaya anayoitaka. Kama anataka barabara kuu au za mkoa, hizo ni za TANROADS, Wakala wa Barabara Tanzania, amwandikie meneja wa mkoa. Ofisi za TARURA za wilaya ni ndogo, wahandisi wachache, na kiangazi ndipo makandarasi wanapokuwa kazini, kwa hiyo afanye haraka na ataje kwamba anaweza kukaa saiti kutwa.

Akikosa huko, asikatae majengo. Halmashauri inajenga madarasa na zahanati kwa fosi akaunti: hakuna mkandarasi mkubwa, kuna fundi wa eneo lile, mwalimu mkuu, kamati ya ujenzi, kamati ya manunuzi na kamati ya mapokezi, na mhandisi wa halmashauri akizunguka kutoka saiti hii hadi ile kwa pikipiki. Yale madarasa 15,000 ya fedha za UVIKO mwaka 2021, kila moja kwa shilingi milioni 20, mengi yalijengwa kwa mtindo huo. Kwa mwanafunzi wa uhandisi hakuna darasa zuri kama hilo, maana mhandisi hawezi kuwa saiti zote kwa siku moja na anahitaji macho. Atajifunza kuhesabu mifuko ya saruji ikishushwa, kupima kina cha msingi kabla mawe hayajaingia, kukumbusha watu wamwagilie zege. Aende na futi yake, na daftari lisiloharibika kwa maji. Na aniandikie akifika, nataka kujua kama mafundi bado wanaongeza ndoo ya maji kwenye zege mhandisi akishageuza pikipiki.

Mjomba